Shokapu Zako Hazina Kosa

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani kwa cherehani.
Alhamisi mchana.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu zangu na za wote uliotuacha huku. U hali gani? Kifua kimepoa? Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu ulikuwa unakohoa halafu unajifanya unacheka ili nisisikie. Nilisikia. Mke wako hajambo? Na watoto je? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole? Mwambie mama yake mkubwa anamwulizia, na kama kidole hakina kazi nyingine akitie kwenye bahasha aniletee.

Sisi huku wazima, namshukuru Mungu. Paa la jikoni bado linavuja palepale, na sufuria uliyoiacha chini yake bado iko palepale. Shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo nimezungukwa na sare za watoto mpaka kitandani. Kaka yako analalamika kwamba akigeuka usiku anakumbatiwa na mikono ya mashati.

Ningependa habari ziishie hapo. Lakini nina jambo limenikaa kooni, na kwenye simu haliwezekani. Unajua simu ya nyumba hii huongelewa barazani na kaka yako akiwa pembeni anachangia. Leo ametoka kwa miguu kwenda kuzibua bomba la jirani, nami nimesukuma sare kando nikuandikie kabla hajarudi.

Kwanza, asante kwa shokapu za pikipiki. Yule mwenzako wa kazini alizifikisha salama, zimefungwa kwa gazeti na plastiki kama mayai. Kaka yako hakukubali nilikate boksi kwa mkasi wangu, akasema nitazikwaruza. Alilifungua mwenyewe, taratibu, akazilaza juu ya meza hii ninayoandikia, akachukua kitambaa changu cha flaneli nilichotunza kwa ajili ya kola, akazifuta. Zilikuwa zinang'aa mpaka unaona uso wako umejikunja kwenye springi. Siku ile nilimwona tena yule kijana aliyekuja kunichumbia.

Ile pikipiki yenyewe, ambayo hujapata kuiona isipokuwa kwa picha, mtaa mzima wanaiita Kijana Mzee. Imetengenezwa miaka hii ya karibuni, lakini kwa sura ya zamani: taa ya duara, tangi kama tone la maji, kiti kirefu kilichonyooka. Shokapu zake za nyuma zilizokuja nayo zilikuwa zimekufa, zinavuja mafuta, kila shimo tulikuwa tunalipokea kwa uti wa mgongo. Ndiyo maana nilifurahi kuliko yeye.

Watu walikuja kuziangalia. Hata yule fundi wa gereji ya kona tunayemwita Chuma alifunga kazi akaja.

"Mzee," akamwambia, "pikipiki inapata viungo vipya. Wewe zamu yako lini?"

"Mimi bado natembelea vya kiwandani," kaka yako akamjibu, na watu wakacheka.

Chuma alijitolea kuzifunga. Kaka yako akamwangalia kama vile ametukanwa. Unamjua. Nusu ya vijana wanaoendesha hapa mtaani wamejifunza kushika spana mikononi mwake, sasa aje afungiwe shokapu na mwanafunzi wake!

Basi Jumamosi akaisimamisha barazani kwenye stendi ya kati, ubavu wa kulia karibu na ukuta, wa kushoto kwenye mwanga wa ua. Mimi nikakaa kwenye kigoda, kazi yangu ni ileile ya miaka yote, kumpa spana. Akarudia somo lake ambalo hata wewe ulilikariri: usifungue zote mbili mara moja. Fungua moja, nyingine ibaki imeshika, la sivyo nyuma yote inashuka na unabaki unakumbatiana na gurudumu. Tukamaliza kushoto vizuri kabisa. Nati ya juu, bolti ya chini, bushi za mpira zimekaa sawa. Halafu akachukua kile kispana chenye mdomo kama ndoana kilichokuwa ndani ya boksi, akazungusha ile pete ya chini ya springi, akaipandisha ngazi ya tatu. Unafahamu pete ile inavyofanya kazi: ngazi ya kwanza ni ya mtu mmoja mwepesi, ukipanda unaikaza springi kwa ajili ya mzigo. Akanitazama mwili mzima akasema, "Ya tatu. Ingekuwa miaka ile tuko wachumba, ya kwanza ingetosha." Nikamtupia kitambaa.

Akahamia upande wa ukuta. Alikuwa hatazami kazi, anaipapasa. Vidole vinapita juu ya bolti vinarudi, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Nipe namba kumi na nne," akasema.

"Si hiyo hapo, gotini kwako."

"Goti lipi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Spana ilikuwa inagusa suruali yake, kulia. Hakucheka. Aliigeuzia shingo yote, kama kuku anavyotazama punje, ndipo akaiona.

Jumapili tukaenda ibadani, mimi nyuma yake kama kawaida. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa raha tupu, nilidhani nimekalia godoro. Tulipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, pikipiki ikatikisa kiuno. Nyuma ilitaka kwenda kwake na mbele kwake. Alishusha miguu yote miwili, tukasimama kwenye majani, mimi nimemkumbatia huku natubu dhambi ambazo hata sijazitenda. Tuliporudi ndipo alipokupigia simu. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia alivyokuambia kwamba umeuziwa takataka, kwamba huko uliko wamekuona mgeni. Simu ilikuwa kwenye spika, nikakusikia ukisema utatafuta nyingine.

Shemeji, usitafute nyingine. Shokapu zako hazina kosa lolote. Hili ndilo nililokaa kukuandikia, na bado ni nusu yake tu.

Kesho yake, akiwa ameenda kazini kwa miguu kwa kuikasirikia pikipiki, nilichutama nyuma ya pikipiki kufuta matope. Mimi si fundi wa vyombo vya moto, lakini maisha yangu yote nimeshona mikono miwili ya shati ilingane. Jicho langu halivumilii. Nikaona springi ya kushoto imejibana na ya kulia imelegea, kama shati lililoshonwa mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Nikaingiza kichwa baina ya gurudumu na ukuta. Pete ya kushoto ilikuwa ngazi ya tatu, kama alivyoiweka mbele yangu. Ya kulia ilikuwa ya kwanza. Hakuipandisha kabisa, au aliipandisha ikarudi asione.

Kosa lenyewe ni dogo. Chuma angelifanya siku ya kwanza ya kazi na kaka yako angemtania mwaka mzima. Lakini kaka yako! Mtu aliyekuwa akisikia bolti imelegea kwa sauti tu, akiwa kitandani, pikipiki ya mtu mwingine ikipita nje!

Hapo mimi nikafanya jambo ambalo sasa linaninyima usingizi. Nilikitafuta kile kispana cha ndoana, nikaikaza pete ya kulia mwenyewe mpaka ya tatu. Iliteleza mara mbili, ikanichuna ngozi ya vidole. Jioni aliponiuliza mkono una nini nikamwambia mlango. Nilidhani namsitiri. Nilidhani nitamwambia kesho, kwa upole, tukiwa tumekaa.

Kesho yake akaipanda. Akaenda mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga akarudi, uso umefunguka kama dirisha. "Umeona?" akasema. "Zimezoea. Chuma kipya kina aibu ya mgeni, kikae kidogo na wenyeji." Akaipigapiga tangi kwa kiganja. Nikarudi kwenye cherehani bila kumwambia, shemeji. Na kwako hakupiga kurudisha yale aliyoyasema, hilo usingelitarajia. Lakini jambo baya zaidi ni kwamba nimemtoa wasiwasi. Pikipiki ilikuwa inamwambia ukweli, mimi nimeinyamazisha.

Wiki iliyofuata tukagonga mayai. Unamkumbuka yule muuza mayai anayekaa pembeni ya barabara, mkono wa kulia ukitoka kwetu? Trei zake nimeziona kwa mbali, zimepangwa kama ghorofa. Nikajua na yeye ameziona, nani asiyeziona? Tukaenda moja kwa moja, kikanyagio cha kulia kikapita nazo. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini mayai yalitapakaa mpaka kwenye viatu vya wapita njia.

"Unaweka mayai barabarani!" kaka yako akamfokea.

"Mzee, mimi niko hapa tangu sijaolewa," yule mama akamjibu. "Barabara ndiyo imekufuata wewe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili mambo yapoe. Yeye alikuwa amepauka. Tulipofika nyumbani alichukua ndoo akaanza kuosha ute wa yai kwenye shokapu ya kulia. Nilimwambia aniachie. Akasema hapana. Akaosha mpaka maji yakaisha.

Sasa sikiliza hili. Juzi nilitoka chumbani na shati mkononi, nikamkuta amesimama sebuleni mbele ya picha ya mama yenu. Ameziba jicho la kushoto kwa kiganja, anatazama kwa la kulia. Akakishusha kiganja, akatazama kwa yote mawili. Akaziba tena. Nilisimama mlangoni sipumui. Aliponisikia akajifikicha jicho, akasema mdudu amemwingia.

Wewe peke yako ndiye utakayeelewa kwa nini alichagua picha ile na si kalenda, ambayo ina maandishi makubwa zaidi. Nilipoolewa katika nyumba hii mama alikuwa tayari haoni. Kaka yako alikuwa anafanya kazi mbali ili nyote mle, na wewe, mtoto wa shule, ndiye uliyekuwa unatembea mbele ya mama, mkono wake begani kwako. Mpaka leo ukitembea hulishusha bega lile kidogo, sijui kama unajijua. Kaka yako hajawahi kulizungumzia. Nadhani yeye alikuwa akija likizo na kila akija mama anamwona kidogo kuliko mara iliyopita, mpaka ile likizo aliyomtambua kwa kumpapasa uso.

Nilijaribu. Wakati wa chakula nikamwambia sindano inanisumbua kutunga uzi, twende wote wawili tukapime macho.

"Wewe nenda," akasema. "Nitakupeleka. Nitakusubiri nje na pikipiki."

"Ukishafika pale si uingie tu?"

"Macho ya mama yalikuwa ya mama. Mimi ni mimi." Sikuwa nimemtaja mama, shemeji. Akasukuma sahani, akatoka.

Kuna muuguzi ninayemshonea sare. Nilimuuliza bila kutaja mtu. Akaniambia upo ugonjwa ambao presha inapanda ndani ya jicho, hauumi, unaanza kuiba kutoka pembeni, na mtu anaona mbele vizuri kwa hiyo hajui anaibiwa. Kilichokwisha kuibwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa za matone za kila siku, mtu akiwahi. Sijui kama ndio huo. Yeye mwenyewe alisema hakuna wa kujua mpaka jicho lipimwe. Lakini akasema pia kwamba hutembea katika damu, na mmoja akishukiwa, ndugu zake wote wakapimwe hata kama wanaona mpaka nyota za mchana. Akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni mteja.

Kwa hiyo nakuandikia kwa ajili yake, na nakuandikia kwa ajili yako wewe pia. Nimeliandika jambo hili taratibu kwa sababu sitaki likuangukie kama tofali. Wewe ni mtoto wa mama yuleyule.

Na kuna haraka. Binti yetu anakuja mwisho wa mwezi na mtoto wake mchanga, mjukuu ambaye hatujamshika. Kaka yako ameshakula kiapo kwamba yeye na Kijana Mzee ndio watakaowapokea stendi. Mama nyuma, mtoto mgongoni kwa mama. Anasema shokapu hizi zimekuja wakati wake, mtoto atadhani bado yuko tumboni. Ameniagiza nishone mbeleko mpya. Kitambaa nimekikata, kipo hapa chini ya kiwiko changu ninapoandika. Kukishona mkono unakataa. Najiambia nikikimaliza tu, atawafuata.

Utaniuliza kwa nini simwambii binti akatae. Nitamwambia, ikibidi, na nitakodi teksi hata kama kaka yako ataninunia mwaka mzima. Mtoto hapandi pikipiki ile, hilo nimeshamwahidi Mungu. Lakini teksi itamsaidia mtoto siku moja. Kaka yako ataendelea kwenda kazini kila asubuhi, na kila kona ina mtu upande wa kulia.

Nasali kila alfajiri. Nimemwomba Mungu amfungue moyo. Halafu juzi nikiwa nimepiga magoti nikasikia kama naulizwa, mdomo na kalamu nilikupa vya nini? Ndiyo maana nimekuandikia.

Hiki ndicho ninachokuomba. Nenda ukapime macho. Nenda kwanza wewe. Halafu mwandikie kaka yako, barua na si simu, kwa sababu kwenye simu ataongea yeye na barua itabidi aisome mpaka mwisho. Usimpe mawaidha. Mweleze tu ulivyokaa kwenye kiti, daktari akafanya nini, mashine ilikuwaje, uliogopa wapi. Ukiogopa sema uliogopa. Na mtanie kidogo kwamba umemtangulia. Hajawahi kukubali umtangulie kwa kitu. Ulipong'olewa jino, si alikwenda naye kung'oa lake ambalo lilikuwa zima kama jiwe? Ulipoanza kunyoa ndevu, si alianza kunyoa mara mbili kwa siku? Mimi nikimsukuma anakaza. Wewe ukipita mbele, atafuata tu, huku akisema alikuwa na mpango huo tangu zamani.

Usimwambie habari ya pete. Hiyo ni yangu. Siku atakayokubali kwenda nitamwambia mwenyewe, na vidole hivi nitamwonyesha. Anikasirikie mimi, nimezoea. Sitaki ajue kwanza kutoka kwako kwamba mkewe alimkagua kazi.

Anaposema fungua moja, nyingine ibaki imeshika, mimi sasa nasikia habari zetu. Mimi nimeshika upande wangu, shemeji, lakini nimechoka, nahitaji mtu ashike wa pili.

Nasikia mlango wa ua. Amerudi, anaimba, bomba lazima limekubali. Namwona dirishani, ameipita pikipiki akaigusa kiti, kama mtu anavyomgusa mtoto kichwani. Amejigonga kwenye ndoo. Anaigombeza ndoo.

Nisalimie mke wako, umwambie kile kipimo cha gauni alichonitumia nimekipata ila kiuno aliniongopea. Wasalimie watoto wote, na yule wa kidole mara mbili. Msalimie na mwenzako wa kazini aliyebeba boksi, mikono yake ibarikiwe. Binti yetu anakusalimu, na Chuma pia, anauliza huko mnatumia grisi ya aina gani. Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akutunzie kifua na macho, akurudishe nyumbani ukiwa unatuona wote na sisi tunakuona.

Nijibu upesi, shemeji, tafadhali.

Wako akupendaye daima,
Mke wa kaka yako.